Umefunga, Baba

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara nyingi. Unaniuliza: "Baba, hiki nilicho nacho ni sonona, ni wasiwasi, au ni kile ulichokuwa nacho wewe?" Unasema kila gari likipita juu ya tuta au shimo unashikwa na hofu kwamba umemgonga mtu, unageuza kwenda kuangalia, na wiki iliyopita ulirudi njia ile ile mara nne. Na siku hizi huna hamu ya kitu chochote.

Jina la ugonjwa atakupa daktari. Mimi nitakueleza nilivyoyajua haya kwa kuyaishi.

Sonona huondoa hamu. Watu wanadhani ni huzuni, lakini iliponishika mimi hata sikulia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, nikikosa sababu ya kuivaa. Madaktari huangalia kama hali imedumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huku usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, mwili umechoka, mtu anajilaumu, pengine anawaza kifo. Hilo la mwisho likikujia usingoje kupambazuke. Nenda hospitali, na unipigie ukiwa njiani.

Wasiwasi unaishi kwenye kesho. Leo ni kazi, kesho afya, keshokutwa pesa, miezi na miezi, mabega yamekaza na usingizi hauji. Wakati mwingine hulipuka: moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika, mtu anaamini anakufa, na ndani ya dakika chache hufika kileleni, kisha hutulia. Umeandika kwamba unajiona uko peke yako. Kwa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 301 wenye magonjwa ya wasiwasi, na milioni 280 wenye sonona. Hauko peke yako, mwanangu.

Sasa ule wangu, ugonjwa wa mawazo sumbufu na vitendo vya kujirudia. Unakumbuka mlango? Ulikuwa na miaka minane. Nilifunga, nikavuta kitasa mara tatu, tukatembea hatua chache, nikakuuliza: "Nimefunga?" Ukajibu, "Umefunga, baba." Nikarudi. Nikauliza tena. Ilifika mahali ukawa unajibu kabla sijafungua mdomo. Mara nyingi ulichelewa shule kwa ajili yangu, na sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Naomba leo.

Niliuona mlango umefungwa, mwanangu. Macho yaliona, ila moyo ulidai hakika ambayo macho hayawezi kuitoa. Kila niliporudi nilipata nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo iliyonifunga, maana ubongo ulijifunza kwamba nimesalimika kwa sababu nimekagua. Safari inayofuata shaka ilikuja na nguvu zaidi. Jibu lako nalo lilikuwa ukaguzi, hata kama lilitoka kwa mtoto aliyetaka kumsaidia baba yake. Naumia ninaposikia watu wakiuita ugonjwa huu kupenda usafi au mpangilio. Mimi ulikuwa unanila zaidi ya saa mbili kila siku.

Na hilo wazo la kumgonga mtu halimaanishi una nia mbaya. Mara nyingi mawazo haya hushika pale pale mtu anapopathamini sana. Linakutesa kwa sababu hutaki kumdhuru mtu.

Kilichonisaidia ni tiba ya kukabili hofu bila kufanya kile kitendo, iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyeiandika akiwa London mwaka 1966. Siku ya kwanza nilifunga mlango mara moja tu, mtaalamu yuko pembeni yangu, tukaenda kusimama mbali. Jasho lilinitoka viganjani. Hofu ilipanda, ikakaa, na baada ya kama dakika arobaini ikashuka yenyewe. Sikuwa nimerudi! Sikujua kabisa kwamba inaweza kushuka bila mimi kuihudumia. Nilitumia na dawa, za kundi lile lile linalotibu sonona, ila kwa ugonjwa huu huchelewa zaidi, pengine wiki nane hadi kumi na mbili, na haziachwi ghafla bila daktari.

Sonona yangu ilikuja baadaye, juu ya ule uchovu wa kukagua. Huenda yako imepita njia hiyo hiyo, kwa hiyo mwambie daktari yote mawili, usimfiche safari za kurudi barabarani kwa aibu. Mweleze pia kuhusu mimi. Magonjwa haya huonekana ndani ya ukoo mmoja, ingawa kuwa mtoto wangu hakukulazimishi kuugua.

Jambo moja nataka tukubaliane. Jumapili ulinipigia mara tatu kuniuliza kama nadhani umemgonga mtu, na mara zote nilikujibu hapana. Nilikuwa nakufanyia kile ulichonifanyia mimi mlangoni. Ukipiga tena nitapokea, saa yoyote. Swali hilo sitalijibu, ila simu sitaikata. Tutakaa wote humo, hata kama ni kimya, mpaka hofu ishuke.

Baba yako