Kumpa mwenzio usukani wa supakaa: malizaneni kwanza kabla hujatoa funguo

Wadau, naanza na msimamo wangu kabisa tusipotezeane muda: supakaa inayolala chini ya turubai mwaka mzima inaharibika, tena inaharibika kimyakimya. Betri inakufa, sili zinakauka, mafuta yanachacha kwenye tenki, matairi yanapata ubapa upande mmoja, halafu siku unaiwasha ndo unakutana na bili. Mimi nina Lamborghini Gallardo, zile za mwanzo, V10 (injini ya silinda kumi) ya lita 5 na giya za e-gear zisizo na pedali ya klachi, na matatizo yake makubwa yote yamekuja baada ya kuilaza, sio baada ya kuiendesha. Na wale wa "ukiitembeza inashuka thamani" waangalie supakaa ya McLaren F1 ya Rowan Atkinson, yule mwigizaji wa Mr. Bean, jamaa aliinunua 1997 akawa anaitumia kwenye mizunguko yake kama gari nyingine yoyote, 2011 akaigonga vibaya sana ikakaa kwa mafundi zaidi ya mwaka, na bado 2015 iliuzwa kama pauni milioni 8 ikiwa imeshatembea kilomita kama 66,000.

Sasa kuendesha mwenyewe ni raha, ila utamu zaidi upo kwenye kuwaonjesha wenzako wanaopenda magari kama wewe. Na hapo ndo watu wanakosaniana. Nimeona urafiki wa miaka unavunjika kwa rimu moja iliyokwaruzwa kwenye ukingo wa barabara, na ukichunguza unakuta funguo zilitolewa kwa furaha, watu wanacheka, na habari za hela hakuna aliyezigusa mpaka kitu kimeharibika.

Kwa hiyo bima kwanza. Najua inaboa, ila waandikie watu wa bima yako uwaulize mambo yafuatayo bila kuzunguka: mtu ambaye jina lake halipo kwenye mkataba akiendesha analindwa au halindwi, gari ikiisha kabisa nalipwa ile thamani tuliyokubaliana au bei ya soko ya siku hiyo, na je nikiingia uwanja wa mbio bado mko na mimi? Majibu uyapate kwa maandishi, maana yule wa kwenye simu atakwambia haina shida bosi, na siku ya siku humuoni. Angalia Nürburgring Nordschleife kule Ujerumani, mzunguko wa kilomita 20.8, zile siku za wazi inahesabika ni barabara ya kulipia tu, yeyote mwenye gari na leseni analipa anaingia, basi watu wanadhani bima yao ya kawaida inatosha, kumbe kampuni nyingi zimeitoa kabisa kwenye mkataba. Na ukigonga vile vyuma vya pembeni bili ya vyuma inakufuata wewe.

Sisi kwenye kundi letu tunamalizana hivi, injini ikiwa bado imezimwa: anayeshika usukani ndo anayebeba ile hela ambayo bima inakuachia ulipe mwenyewe, rimu akiikwaruza ni yake, kitu kikifa chenyewe kwa uzee ni cha mwenye gari. Mbele ya mashahidi, basi. Mtu akianza kujikunakuna kichwa hapo, anakaa kiti cha abiria, na hakuna aliyemkosea mwenzie.

Tena kiti cha abiria msikidharau jamani. Mhandisi Gordon Murray alipochora McLaren F1 alimweka dereva katikati na viti viwili vya wageni, kimoja kila upande, nyuma yake kidogo, gari ya kufika kilomita 386 kwa saa lakini imetengewa nafasi ya kubeba marafiki wawili. Mimi kila mtu anaanza kwa abiria, hata awe dereva mzuri kiasi gani. Namzungusha taratibu, namwonyesha upana wa gari (nyuma ni pana kuliko unavyohisi ukiwa umekaa mbele), namwonyesha breki inashikaje, na kwenye tuta naminya kitufe cha kunyanyua pua aone pa kukipata. Akishuka akasema nimetosheka, vizuri. Kuna watu wengi wanataka sauti tu, usukani hawautaki, wewe ndo unawalazimisha.

Kwenye klachi nitakaa kidogo maana ndo inapoliwa hela. Hizi giya za zamani za supakaa, e-gear ya Gallardo, au ile wanaita F1 kwenye Ferrari 360 na F430, hazina pedali ya klachi kwa hiyo mtu anakaa anadhani ni otomatiki. Sio otomatiki. Ndani kuna klachi ya kawaida kabisa inayominywa na pampu ya haidroliki, na ukiitambaza polepole kwenye foleni au ukirudi nyuma kwenye mlima inakuwa inasuguana muda wote huo. Mshkaji wangu mmoja, anaendesha vizuri tu, alikuwa anairudisha kwenye maegesho yenye mwinuko, anagusa mafuta kidogo, anaachia, anagusa tena, vile anavyofanya kwenye gari yake ya nyumbani, na ile harufu ya kuungua ikaanza kuingia ndani. Nikamwambia kaka, weka nyutro, iache ishuke yenyewe, tunaegesha chini tunapanda kwa miguu. Alidhani natania. Ukimpa mtu gari ya namna hii mwambie: ukiondoka ondoka kweli, ukisimama weka nyutro, na kurudi mlimani usiguse, niite mimi.

Kila gari ina tabia yake na anayeijua ni mwenyewe, kwa hiyo na wewe ukipewa ya mtu kuwa mwanafunzi. Kuna mzee kwenye kundi letu ana Porsche Carrera GT, zile za V10 ya lita 5.7 zilizotengenezwa 2003 mpaka 2006, na hiyo gari inajulikana kwa kuwazimikia watu kwa sababu klachi yake ya seramiki ni ndogo na inashika ghafla. Nilipoingia nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba halafu akaenda moja kwa moja kwenye kazi: "Mguu wa kulia usiuamshe kwanza, mwanangu. Achia klachi polepole, gari itaondoka yenyewe." Na kweli, bila kugusa mafuta, injini ikajinyanyua ikatutoa. Hapo kabla nimeshaona wajuaji wawili watatu wanaizima mbele za watu. Aliniambia pia haina ule mfumo wa kuizuia isiserereke, kwa hiyo kwenye kona mafuta yasubiri mpaka usukani umenyooka. Mengine aliniachia nijionee.

Kuhusu joto: sindano ya maji ikipanda usidanganyike, oili inachelewa kupata moto kuliko maji, subiri oili ndo uanze fujo zako. Na matairi angalia umri, sio kashata (ile michongo ya mpira) tu. Ubavuni kuna msimbo unaoanza na herufi za DOT, angalia tarakimu nne za mwisho, ukikuta 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Gari inayotembea mara chache inakuwa na kashata nzuri kabisa lakini mpira umeshakuwa mgumu, ukimpa mgeni hiyo kwenye barabara ya maji umempa mtego.

Msafara sasa. Desemba 2011 huko Japani, barabara kuu ya Chugoku, wapenzi wa magari walikuwa wanaenda pamoja, mmoja akabadilisha njia gari ikamshinda akagonga kizuizi cha katikati, na waliokuwa nyuma wakaingiliana: Ferrari 8 na Lamborghini ndani yake. Sisi tunaacha nafasi kubwa, wa mbele anaangalia wa nyuma yake kwenye kioo na akimkosa anapunguza, njia imetumwa kwa kila mtu kabla hatujaondoka ili asitokee wa kukimbizana na kundi. Na pale pa kuondokea, wakiwepo vijana na simu zao wanakupigia kelele uiungurumishe, iungurumishe ukiwa umesimama kama roho inakusumbua, ila usitoke kwa kishindo huku umezima mifumo yote ya kumsaidia dereva na matairi ni ya baridi.

Watoto nawaacha wakae, nawapiga na picha. Wakubwa nawaomba kwanza wavue mkanda wa chuma na watoe funguo mfuko wa nyuma, ile ngozi ya pembeni ya kiti inachanika hapo. Picha mnaporusha mtandaoni ficheni namba za gari, na za nyumbani kwa mtu msirushe kabisa, mwenye gari ndo aamue.