Muulize Konda: Mko Wangapi Humo Ndani?

Kwa wanaofungua ukurasa huu mara ya kwanza: nilikuwa konda wa daladala Mbagala–Kariakoo kabla sijahamia Virginia, Marekani, upande wa kaskazini, ambako sasa naendesha gari la kupeleka wagonjwa kusafishwa figo. Mwezi huu barua karibu zote zinauliza kuhusu kile kidude cha kwenye kioo cha gari, E-ZPass na ndugu zake, kinachokata hela ya njia za tozo. Basi twende.

*

*Shikamoo Konda. Tunakaa Woodbridge. Mimi nafanya kazi Arlington, mume wangu Washington, na mtoto tunamwacha kwa bibi yake hukohuko. Kila asubuhi tuko watatu garini, tunapita njia za tozo za I-95. E-ZPass tunayo, tulinunua dukani tukaibandika vizuri. Juzi nimefungua akaunti nikakuta tumekatwa hela kila siku! Si walisema watu watatu ni bure? — Mama wa Woodbridge*

Marahaba mwanangu, na pole. Watatu ni bure kweli, dereva akiwemo. Ila hicho kidude chako ni bubu. Kinajua kusema jambo moja tu: "Mimi ni akaunti fulani, nikateni." Mko wangapi, hakijui na hakina namna ya kulisema.

Unachotakiwa kuwa nacho ni E-ZPass Flex. Ni kinene kidogo kuliko cha kawaida na kina swichi. Ukiisukuma upande mmoja inatokea rangi ya kijani na maandishi HOV ON (HOV ni kifupi cha Kiingereza cha gari lenye watu kadhaa). Hapo umetamka kwamba humo ndani mko watatu au zaidi. Ukipita chini ya zile nguzo zenye mitambo, antena inasoma akaunti yako pamoja na hali ya swichi, na safari inaandikwa kwa tozo sifuri. Ukiirudisha, kinakuwa E-ZPass kama nyingine, unalipa. Mtambo hauchungulii dirishani, unapokea kauli yako.

Agiza Flex kwa E-ZPass Virginia, ama ubadilishe hicho ulichonacho. Hela unayotanguliza inakaa kwenye akaunti yako, ni nauli yako ya mbele. Zile ulizokwisha katwa, sikupi matumaini: nani ataapa leo kwamba Jumanne ile mlikuwa watatu?

Na usidharau kwa kuwa ni vidola vichache. Njia hizi bei yake inapanda na kushuka kufuata foleni, na kwenye I-95 na I-495 hakuna kikomo cha juu. I-66 ndani ya Beltway, ile barabara inayozunguka Washington, ilipoanza kutoza Desemba 2017, wiki ileile ya kwanza bei ilivuka dola 30 kwa kipande cha kama kilomita 16, kwenda tu. Watu walipiga kelele hadi kwenye televisheni. Halafu ujue, wakati huo I-66 ilikuwa bure kwa watu wawili. Tangu Desemba 2022 nayo inataka watatu. Wapo ninaowajua walioendelea kwenda wawiliwawili kwa mazoea, wakaja kuniuliza mimi kwa nini.

Jambo moja zaidi, maana najua utalikuta. Ukivuka kwenda Maryland, kwenye Intercounty Connector, au ukipita Dulles Toll Road hapa hapa Virginia, swichi iwe HOV, isiwe HOV, unalipa. Tozo za barabara hizo hazina habari na idadi yenu.

*

*Konda, mimi huwa nachukua wawili pale Horner Road nawashusha Pentagon, halafu naendelea na shughuli zangu. Hivi nikisahau kuirudisha swichi kuna ubaya gani? Asubuhi si nilikuwa nao kweli? — Kijana wa Dale City*

Kijana, umenigusa penye kidonda.

Kwanza niwaeleze wasioijua Horner Road. Ni uwanja wa kuegesha magari pale Woodbridge. Asubuhi watu wanajipanga mstari kama wanasubiri daladala, ila kinachokuja ni gari binafsi la mtu wasiyemjua. Dereva anataka vichwa viwili atimize watatu, abiria wanataka kufika kazini, na senti haitoki mfukoni mwa yeyote. Huku wanaitwa "slugs", na mchezo huu una miaka hamsini. Ulikua kwenye Shirley Highway, ambayo leo ni I-395, baada ya njia ya mabasi kufunguliwa kwa magari yenye watu wanne mwaka 1973. Baadaye wakapunguza hadi watatu.

Mara yangu ya kwanza nilitaka kupiga mlango na kuita "Pentagon, Pentagon, wawili!" Nikaonywa: ukiingia unasalimia, kisha kimya. Abiria haanzi mazungumzo mpaka dereva aanze. Dakika arobaini na watu wawili bila hata kuuliza nyumbani ni wapi! Nilishuka nimechoka kuliko siku ya kuning'inia mlangoni hadi Mbagala Rangi Tatu.

Sasa kidonda. Siku nyingine, nikiwa mimi ndiye dereva, niliwashusha watu wangu, nikamaliza shughuli mjini, jioni nikarudi peke yangu kwa njia za tozo. Kidude bado kijani. Mimi nasikiliza redio, sina habari. Askari wa jimbo alikuwa ameegesha pembeni, na hao wana namna ya kujua gari gani limejitangaza HOV. Akachungulia, akaona kichwa kimoja. Akanisimamisha.

"Mko wangapi?" Miaka yangu yote ya ukonda hilo lilikuwa swali la trafiki pale Mtoni, na jibu langu lilikuwa "leveli siti, afande," huku watu kumi na wawili wamesimama wameinamisha shingo. Kule nilikamatwa kwa kuzidisha. Nimevuka bahari nikamatwe kwa kupungukiwa.

Dola 125, kosa la kwanza. La pili ni 250 na pointi tatu kwenye leseni, la tatu 500, la nne 1,000. Kwa hiyo ndiyo, ubaya upo. Swichi haisemi asubuhi ulikuwa na nani, inasema sasa hivi uko na nani. Wakishuka, kabla mguu haujagusa mafuta tena, irudishe. Na uirudishe gari likiwa limesimama, siyo kupapasa kioo ukiwa kwenye mwendo wa maili 65.

*

*Kwa nini kifaa chenyewe kisihesabu watu, mpaka dereva aseme? Dunia ya leo kweli? — Msomaji, Nairobi*

Swali zuri, nami nililiuliza. Dallas, Texas, wamejaribu njia nyingine: programu ya simu iitwayo GoCarma. Inatambua simu zilizo pamoja ndani ya gari, na mkiwa wawili au zaidi saa za foleni kwenye njia za tozo za kule, TEXpress, mnapata punguzo la nusu. Kwa asiye na simu, mtoto kwa mfano, kuna kadi ndogo ya kubeba. Kwa hiyo pale inayohesabiwa ni simu, na mtu anadhaniwa yupo karibu na simu yake. Makonda wenzangu wameshaona mwanya. Simu mbili za mkononi na kichwa kimoja, je? Mimi bado naona swichi na askari ni mpango wa kiungwana zaidi: unaaminiwa kwanza, ukidanganya unalipia.

*

*Mtoto mchanga anahesabiwa? Na wa tumboni? — Tunatarajia, Alexandria*

Hongera. Aliye kwenye kiti chake cha nyuma anahesabiwa, hata awe na siku tatu na amelala. Wa tumboni usimtegemee: mwaka 2022 mama mjamzito kule Dallas aliandikiwa faini, akabisha kwamba wako wawili, na habari ikazunguka dunia. Wewe subiri ajifungue, swichi haiendi popote.

*

*Niko Los Angeles. Kidude changu hakina HOV ON, kina namba. Ni kibovu? — Mdogo wako wa Inglewood*

Si kibovu, hiyo ni FasTrak Flex ya California: 1, 2 na 3+. Unaweka idadi yenu. Angalia njia unayopita: kwenye I-110 wawili wanapita bure, lakini I-10 saa za foleni bure ni kwa watatu, na ukiweka 2 utalipa. Hata mkiwa bure, kidude lazima kiwepo kwenye kioo. Mimi ningeweka 2 kwa mkono mmoja na kumhesabu jirani kwa mwingine, kama zamani.