Sarafu Iko Mkono Gani?

Nilipokuwa na miaka 9 mjomba alinitolea sarafu sikioni, nami usiku kucha nikachokonoa masikio kutafuta nyingine. Tangu hapo sijaachana na kiinimacho. Mifuko yangu haikosi sarafu mbili, kipande cha uzi na mpira wa kufungia karatasi.

Wanaotaka niwafundishe huanza kwa kuuliza wanunue vifaa gani. Usinunue chochote. Kisanduku cha rangi rangi mtazamaji hukishuku kabla hujafungua mdomo, ila sarafu aliyoitoa mfukoni mwake mwenyewe ataishuku kwa lipi?

Halafu achana na ule uongo kwamba mkono ukiwa mwepesi jicho haliuoni. Jicho linaona vizuri sana, ila watu hutazama pale unapotazama wewe. Zamani nilikimbiza vidole kama anayefukuza inzi, na hakukosekana mtoto wa kupiga kelele, "Iko mkono ule!" Kweli ilikuwa huko, na aliyemwonyesha ni mimi: macho yangu yalikuwa yameganda kwenye mkono wenye siri.

Fanya hivi. Shika sarafu kwa mkono wa kulia, iweke kweli kweli kwenye wa kushoto, ufumbe, uutazame. Rudia mara 20 bila hila yoyote, ukijichunguza. Bega linakwenda wapi? Vidole vya kulia vinalegea vipi vikishaachia? Kisha jifanye unaiweka, huku imebaki kiganjani mwa mkono wa kulia, na kila kitu kiwe vilevile. Mkono huo uache uning'inie tu. Ukikakamaa kama uliofungwa plasta utajisema wenyewe. Sasa ngoja. Usikimbilie kufumbua. Katika ule ukimya mfupi mtazamaji anajisadikisha kwamba sarafu ipo pale, na kazi hiyo anaifanya yeye, si wewe.

René Lavand wa Ajentina alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9, akaja kuwa bingwa wa karata kwa mkono wa kushoto peke yake, tena polepole mno. Mtu mwenye mikono miwili akinilalamikia kwamba vidole vyake ni vizito, humkumbuka huyo.

Kioo nacho nilikiamini kupita kiasi. Nilijiona fundi mbele yake kwa miaka, mpaka siku nilipojirekodi kwa simu: kila nikifika pale pa kuficha, nilikuwa nafumba macho kidogo. Sikuwahi kuona kosa langu kwa sababu sikuwa naangalia! Jirekodi mapema.

Watakuomba urudie. Kataa, kwa tabasamu, uwape mchezo mwingine. Mara ya kwanza hawajui watazame nini; mara ya pili wanakusubiri mwishoni. Najua mtu atanitajia Dai Vernon, bingwa wa kiinimacho cha karata. Houdini, mwanakiinimacho aliyevuma duniani, alikuwa akijigamba kwamba mchezo wowote akiuona mara tatu ataugundua, na mwaka 1922 kule Chicago Vernon akamfanyia mchezo mmoja wa karata, akarudia na kurudia, Houdini asiambulie kitu. Sawa. Ila mimi si Vernon, na wewe bado.

Kuhusu kutoa siri, karibu miaka 2,000 iliyopita Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliandika juu ya michezo ya vikombe na vijiwe: raha yake ilikuwa katika kule kudanganywa, na akionyeshwa namna inavyofanyika hamu humtoka. Mimi niliyajua hayo kwa kuyatenda. Rafiki yangu mmoja alinibembeleza wiki nzima nimwambie sarafu ilikokwenda. Nikalainika, nikafumbua mkono wa kulia.

"Kumbe ndiyo hiyo tu?" akasema, akarudi kwenye simu yake. Hajaniomba mchezo tena.