Kuhesabu mafaili na folda: ls peke yake haitoshi

Ndugu, umesema risiti zako za dagaa za soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, umezipanga kwenye folda 12, moja kila mwezi, na amri ya Linux "ls | wc -l" (ls huorodhesha, wc -l huhesabu mistari) inakupa 12 tu, wakati unataka idadi ya risiti zote. Haijakosea. ls huorodhesha ya juu tu, haizami ndani, na yanayoanza na nukta inayaruka. Andika hivi:

find . -type f | wc -l

Hiyo inashuka mpaka folda ya mwisho kabisa, na f inachagua mafaili tu. Ukitaka folda, weka d badala ya f, kisha toa moja, maana find huhesabu na folda uliyomo. Au, badala ya kutoa moja, tanguliza -mindepth 1 kabla ya -type. Jina la faili likiwa na mistari miwili hesabu itazidi, ila sidhani kama kuna karani wa mwaloni mwenye mambo hayo.