Kiti Kisichomkaa Mwenyewe

Maswali ya wasomaji: afya na vifaa saidizi

Barua nyingi za mara hii zinahusu vifaa vilivyopatikana kwa msaada au kwa kujibana, kisha vikaleta maradhi mapya. Tumejibu tano. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu jambo lenyewe linaweza kuua.

SWALI: Mwanangu ana miaka 22. Alianguka mnazi mwaka jana na hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Tulipewa kiti mwendo kipya cha msaada, tukashukuru. Sasa ana kidonda kwenye kalio la kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Zahanati wanamsafisha na kumfunga lakini hakiponi. Tumemwekea chubu ya gari akalie. Hospitali kubwa tunaogopa gharama. (Mama, Muheza)

JIBU: Mama yetu, pole kwa kuuguza. Chubu hiyo iondoe leo. Mtu akikalia pete, uzito wote unabebwa na ule mduara. Mishipa inabanwa kuzunguka kidonda, na nyama ya katikati inaning'inia bila damu ya kutosha. Inaonekana kama inapumzishwa, kumbe inanyimwa chakula.

Kidonda cha mgandamizo hakiponi kikiwa bado kinakaliwa, hata kifungwe kwa dawa gani. Kwa hiyo kijana ashuke kwenye kiti kwanza. Alale kifudifudi kama anaweza, mto mwembamba chini ya kifua na mwingine chini ya miguu ili vidole vya miguu visikandamize godoro. Akichoka, alale ubavu wa kulia. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Spiriti msiweke, wala unga wa vidonge vya antibayotiki. Vyote viwili vinaweza kudhuru nyama changa inayojaribu kuota. Mpeni mayai, maharage, dagaa, kwa sababu kidonda kinajengwa kwa protini. Na mkojo usimfikie: shuka mbichi inalainisha ngozi, na ngozi laini inachanika upesi.

Msingoje barua wala foleni ya mtu yeyote mkiona kidonda kinanuka, mfupa unaonekana, ana homa, au kichwa kinamgonga ghafla huku akitokwa jasho usoni. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Sasa gharama. Mahali wengi wanapokwama ni kudhani ulemavu peke yake unamsamehe mtu malipo. Kinachosamehewa ni kukosa uwezo. Barua ya mtendaji wa kijiji ikiandika tu kwamba mleta barua ni mlemavu, dirisha la malipo litaipokea na kukudai vilevile. Mwombe aandike jina la mgonjwa, jina la mkuu wa kaya, aina ya ulemavu, na sentensi inayosema wazi kwamba kaya haina uwezo wa kuchangia gharama za matibabu. Kama kaya yenu imo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, alitaje hilo. Chukua na barua ya rufaa kutoka zahanati. Ukifika hospitali, nenda ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirishani. Bili ikishaandikwa, kuifuta ni kazi. Toa nakala tatu za kila karatasi, maana hospitali ya pili haitahesabu msamaha wa hospitali ya kwanza.

Tukirudi kwenye kiti. Hujatutajia vipimo, lakini viti vingi vya msaada vya kukunja vina upana wa sentimita 46, na kijana mwembamba ana nyonga za sentimita 33 au 34. Zinabaki sentimita 12 au 13 za kuyumba. Mtu asiye na nguvu za kiuno ataegemea upande mmoja, na mfupa mmoja wa kalio unabeba mzigo wa miwili. Kidonda kuwa kushoto tu kinatufanya tushuku hilo. Kitambaa cha kukalia nacho kikishalegea kinakuwa kama machela.

Mpimeni akiwa amekaa juu ya benchi gumu, mgongo umenyooka. Upana wa nyonga pale palipo papana zaidi ndio upana wa kiti. Urefu wa paja pimeni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toeni sentimita 3 hadi 6: hicho ndicho kina cha kiti. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu, ndio umbali kati ya juu ya mto na kikanyagio. Kipimo hiki cha mwisho hudharauliwa na ndicho kinachotesa. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti yanapanda, mapaja yanaacha mto, na uzito wote unarudi kwenye mifupa ya makalio.

Mto ni nusu ya kiti. Fundi makochi anaweza kuutengeneza: sponji ngumu chini, unene wa sentimita 5, na juu yake sponji laini kidogo ya sentimita 2 hadi 3. Kwenye ile ngumu akate shimo pana upande wa nyuma, pale mifupa ya makalio inapotua, na sehemu ya mbele aiache juu ili ibebe mapaja. Chini ya mto wekeni ubao wa plaiwudi kufuta ule ulegevu wa kitambaa.

Kisha pimeni kwa mkono. Kijana akiwa amekaa juu ya mto, ainame mbele kidogo, wewe upenyeze vidole chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikiangalia juu, halafu akae sawa. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini kiasi cha nusu sentimita, mto unafaa. Vikishindwa kucheza lakini vinatoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa kama kwenye mlango, mto huo usikaliwe. Pimeni kushoto na kulia, na mrudie kila mwezi, kwa sababu sponji huchoka kimyakimya.

Kidonda kikipona, kila nusu saa ainame mbele hadi kifua kikaribie magoti, akae hivyo kama dakika mbili. Kujiinua kwa mikono kwa sekunde chache, jambo ambalo vijana wanalipenda kwa sababu linaonekana la kishujaa, hakutoshi kurudisha damu.

Mkipewa rufaa, ulizeni kuhusu hospitali ya KCMC pale Moshi, ambapo pia kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti. Nendeni na kiti mlichonacho. Kikanyagio na mto mara nyingi hurekebishika bila kutafuta kiti kingine.

SWALI: Natumia magongo ya kwapani tangu nivunjike nyonga. Mwezi wa pili sasa mkono wa kulia unakufa ganzi na kiganja kinaning'inia asubuhi. Je, ni kiharusi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu, mwone daktari wiki hii athibitishe. Ikiwa umeamka na mdomo umepinda au ulimi mzito, nenda sasa hivi. Lakini maelezo yako yanafanana sana na mshipa wa fahamu uliobanwa kwapani. Gongo la kwapani halikuumbwa lining'iniwe. Uzito unabebwa na viganja. Ile sehemu ya juu inabanwa tu kati ya mkono na mbavu.

Simama na viatu vyako. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo viingie vidole vitatu. Ncha za magongo ziwe sentimita 15 mbele na pembeni ya vidole vya miguu, na kishikio kiwe mahali ambapo kiwiko kinakunjika kidogo. Magongo mengi yana matundu ya kurekebisha. Ya mbao yanakatwa chini. Angalia na ule mpira wa chini: mistari ikishafutika, kwenye sakafu ya vigae yenye maji utaanguka. Usiubadilishe kwa kipande cha ndala, kinazunguka.

SWALI: Mwanangu yuko Muscat, anataka kunitumia kiti cha umeme. Ninaishi Ng'ambo, Unguja, njia zetu ni za mchanga na vichochoro. Nimwambieje? (Mzee, Unguja)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mwambie ahsante, lakini atume cha kusukuma kwa mkono, isipokuwa kama mikono yako haina nguvu kabisa. Cha umeme ni kizito, ngazi moja tu inahitaji wanaume wanne. Betri zikichoka bei yake inaumiza, na kisanduku cha kuongozea kikiingia maji ya mvua ya masika, hupati fundi wa kukifungua.

Mpe vipimo vyako vitatu, kama tulivyomweleza mama wa Muheza, kabla hajaingia dukani. Magurudumu madogo ya mbele yawe mapana, ya kipenyo cha inchi 8. Yale membamba ya inchi 5 yanazama mchangani na kukutupa mbele. Magurudumu makubwa yawe ya upepo.

Na hapa kuna mtego. Tairi nyingi za viti zimeandikwa 24 x 1 3/8. Ukienda kwa fundi baiskeli na kuomba tairi la inchi 24 atakupa, na halitaingia. Soma namba ndogo ubavuni: la kiti ni 540, la baiskeli ya mtoto ni 507. Hizo ni milimita za ringi, na tofauti ya milimita 33 haivutiki. Chubu inavumilia, tairi halivumilii. Basi ama mwanao achague kiti chenye ringi ya 507 au 559, ambayo ni ile ya baiskeli za milimani za inchi 26, ama afunge ndani ya boksi tairi mbili na chubu nne za akiba.

Kuhusu ushuru: sheria ya usimamizi wa forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, katika jedwali lake la tano, inasamehe vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Msamaha hauji wenyewe. Unaombwa, na uombwe kabla mzigo haujafika, ukiwa na barua ya hospitali na ankara ya kununulia. Mzigo ukilala bandarini huku karatasi zinatafutwa, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku na hizo hazisamehewi. Malipo ya wakala wa forodha nayo yapo palepale.

SWALI: Nilikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Mguu bandia nimeupata miezi sita iliyopita. Sasa unacheza, na ncha ya kigutu inauma. Nimeuzungushia kitenge. Nikanunue mwingine? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Bado. Kigutu husinyaa sana mwaka wa kwanza, kwa hiyo unazama ndani ya soketi, yaani kile kikombe cha mguu bandia kinachopokea kigutu, kuliko ulivyopimwa, na ncha inagota chini. Toa kitenge, mikunjo yake inachuna ngozi, na wewe mwenye kisukari huenda usisikie mpaka uone damu. Ongeza soksi za kigutu moja baada ya nyingine mpaka ncha iache kugota. Jioni kigutu huwa kimepungua zaidi kuliko asubuhi, basi tembea na soksi moja mfukoni. Ukifika soksi nne au tano nene, soketi imekuwa kubwa. Rudi karakana ya viungo bandia, pale kwenu hospitali ya Bugando wanayo, na uombe kubadilishiwa soketi tu. Unyayo ukiwa mzima unarudi kutumika, na bili inapungua.

Kigutu na soksi vioshwe usiku. Kuosha asubuhi kunaacha ngozi mbichi ndani ya plastiki. Usibadilishe kimo cha kisigino cha kiatu: mguu ulisetiwa kwa kiatu ulichovaa siku ile, na ukivaa ndala goti linasukumwa nyuma. Na mguu wa pili, ule mzima, ukague kila jioni, kati ya vidole na chini ya unyayo, kwa kioo. Huo ndio ulio hatarini sasa.

SWALI: Naweza kuchukua ile asilimia 2 ya halmashauri nikanunua baiskeli ya magurudumu matatu? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Ule ni mkopo, hauna riba lakini unarejeshwa, na hutolewa kwa kazi ya kuzalisha. Mgao ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Ukiandika kwamba unataka baiskeli ya kutembelea, ombi linakwama. Ukiandika kwamba unauza mkaa au vocha na baiskeli ndiyo itakayobeba bidhaa, ukaonyesha mauzo ya wiki na kiasi utakachorejesha kwa mwezi, una jambo la kuzungumza. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama baiskeli ni ya kutembelea tu, pita ustawi wa jamii. Usijifunge deni kwa kitu kisichorudisha hela.