Kwa Wanaoanza Kuandika Habari na Historia za Mtwara na Lindi

Imetoka tena makala inayosema kwamba bandari ya Mtwara ilijengwa na Wajerumani. Aliyeiandika ni kijana ninayempenda, mwenye bidii na lugha safi, ila amechanganya gati la Mtwara na Boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895. Gati letu ni zao la mpango wa karanga, yaani mpango wa Waingereza wa kulima karanga katika mashamba makubwa, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, mpango huohuo uliotuletea reli ya Nachingwea, ambayo nayo ilifungwa mwaka 1962. Kosa hili nimelisikia likisahihishwa tangu nilipokuwa mwanafunzi wa mzee mmoja aliyetumia karibu maisha yake yote kuandika habari za mikoa hii miwili, na kwa kuwa yeye hayupo tena kuwakalisha barazani, nayaandika hapa yale aliyotufundisha.

1. Usimwulize mzee alizaliwa mwaka gani. Mwulize alikuwa na umri gani wakati wa jambo linalojulikana. Kimbunga kilichoipiga Lindi kilikuja Aprili 1952, na aliyekuwa amebebwa mgongoni siku ile anatofautiana na aliyekuwa ameanza kuchunga mbuzi. Kuna mpango wa karanga, kuna Uhuru, kuna miaka ya kuhamia vijijini, kuna vita vya ukombozi vya Msumbiji kuanzia 1964 hadi 1974, wakati wapiganaji wa FRELIMO walipokuwa wakifunzwa Nachingwea. Mzee wetu alikuwa na orodha ya matukio ya aina hiyo ndani ya jalada la kila daftari, na kwa orodha hiyo alipata miaka ambayo hakuna cheti kingeweza kumpa. Huku kwetu kalenda hiyo haikosei mara nyingi, mradi umwulize mtu wa pili na wa tatu.

2. Ukiandika habari za ukoo, mtafute mjomba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mnapoanguka kila mwaka, na ndipo alipoanguka mwalimu wetu mwenyewe. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na anayerithi ukulungwa, yaani ukuu wa ukoo na kijiji, ni mpwa, si mtoto wa kumzaa. Mzee alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Hata hivyo, alipofariki mkulungwa mmoja wa kijiji cha uwanda wa juu, gazeti lilikuwa likisubiri habari, barabara ya kupanda ilikuwa tope tupu, na watoto wa marehemu walikuwa wanaishi hapa mjini, wana picha, wanazungumza vizuri, na wako tayari kusimulia mchana kutwa. Aliwasikiliza wao peke yao. Makala ikatoka ikisema kwamba kijiji kilianzishwa na baba yao na kwamba mtoto wake mkubwa ndiye mrithi. Wapwa hawakutajwa hata kwa sentensi moja.

Alitusimulia kwamba kwa miezi mingi hakuna aliyemlalamikia, naye akaamini imekwisha. Kisha ukazuka mgogoro wa mashamba ya mikorosho, na ile makala ikapelekwa kwenye baraza la kata, ikasomwa kwa sauti kama ushahidi, kwa maana kilichochapwa gazetini huonekana kuwa kweli kuliko kinachosemwa na bibi kizee asiyejua kusoma. Bibi huyo alikuwa dada wa marehemu, mama wa wapwa. Mzee alipanda kwenda kumwomba radhi. Bibi alimkaribisha, akampa kigoda, akamwambia, “Mwanangu, ungekuja kabla hujaandika, ningekuambia yote,” kisha hakumjibu swali lolote tena. Masahihisho yalichapwa kwa mistari michache katika ukurasa wa ndani, na hakuna aliyeyapeleka barazani. Kila alipofika hapo katika kusimulia, mzee alinyamaza, nasi tulijifunza kutomharakisha. Tangu wakati huo hakuandika tena habari ya ukoo bila kuzungumza na pande zote mbili, hata kama mhariri angelazimika kusubiri, na aliwahi kukosa malipo ya habari nzuri kwa sababu hiyo.

Najua dawati la Dar es Salaam linataka habari kabla ya saa kumi. Zamani habari zetu zilipanda basi na kuvuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikaza zilikwama; leo simu inazifikisha papo hapo, na kwa hiyo hakuna tena muda wa njiani wa kugundua kwamba hukumwuliza mtu muhimu. Muda huo inabidi muutenge wenyewe.

3. Andikeni majina kamili, pamoja na la kijiji, la kata na la wilaya.

4. Mkisoma magazeti ya zamani, kumbukeni kwamba Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971. Habari ya mwaka 1968 inayosema “Mkoa wa Mtwara” inaweza kuwa ya Kilwa au ya Liwale, na nimeona zaidi ya kijana mmoja akiitafuta Newala.

5. Vitabu vya wilaya vya wakati wa mkoloni vimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Visomeni, lakini mjue kwamba mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni walioviandika, nao walisimuliwa na watu waliokuwa karibu na ofisi, na wale wa mbali hawakuulizwa.

6. Daftari zenu ziandikeni namba na tarehe, na waambieni watu wa nyumbani ni za nini, kwani daftari lisilo na maelezo huishia kufungiwa karanga sokoni. Za mzee wetu zimehifadhiwa na familia yake, na wanaruhusu zisomwe palepale nyumbani. Yule kijana wa bandari nimemwambia aanze na lile la mpango wa karanga, na atakayetaka kufuatana naye aniambie mapema ili niwaombee ruhusa pamoja.