Usiitoe hiyo injini, mwanangu

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, baba yako kaenda shamba, mvua huku Moro imekata angalau watu wanapata kuanika mahindi.

Meseji yako nimeisoma vizuri. Unasema ile Honda CG125 ya babu yako uliyoitoa Kilosa ukaipandisha fuso mpaka kwako Dodoma, fundi wa hapo mtaani kaiangalia akasema injini imekufa, bora aitoe akuwekee mpya ya Kichina, asubuhi unaipeleka jioni unaendesha. Na we hujawahi kushika hata spana, sasa unaniuliza umpe kazi au ujaribu kuifufua mwenyewe hapo uani kwako. Usimpe. Ifufue mwenyewe. Na sikwambii hivo kwa sababu ya babu tu, nakwambia kama mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya duka la spea miaka yote uliyokuwa unasoma.

Kwanza ujue injini yenyewe. Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976 na waliifikiria kwa ajili ya nchi kama zetu hizi. Walikuwa na CB125, nzuri tu, ila kamshafti yake, ile shafti inayofungua valvu, yani milango ya injini ya kuvuta hewa na kutoa moshi, imekaa juu kichwani na inaendeshwa na cheni, oili ikichakaa inaanza kulika, na huku watu wanabeba magunia, wanakula vumbi, oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Wahandisi wakaishusha kamshafti chini, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni, na valvu zikawa zinasukumwa na rodi mbili ndefu. Siku ukiifungua utaona kamshafti ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili. Vitu vichache, vya kuharibika vichache. Ndo maana Wachina walipotaka injini ya kunakili walichukua hiyo hiyo, na bodaboda nyingi za Kichina zinazopita hapo kwenu zina injini ya ukoo wa CG. Yani fundi anataka akutolee orijino akuwekee kopi, na orijino yenyewe hajaifungua.

Halafu kuna kadi. Kadi ya pikipiki imeandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, ukibadilisha injini namba hazilingani tena, inabidi ukahangaike TRA kurekebisha, na trafiki akikagua una maelezo ya kutoa. Kabla hujafanya chochote chukua kitambaa na mafuta ya taa, futa ubavuni mwa injini mpaka namba isomeke, linganisha na kadi ya babu, piga picha unitumie.

Sasa hilo la kusema imekufa. Alijuaje? Alipiga kiki haikuwaka. Pikipiki iliyolala stoo miaka haiwaki mwanangu, hata ingekuwa nzima kabisa, maana petroli imeshageuka, kabureta inayochanganya petroli na hewa imeziba na platini, vile viswichi vinavyokata umeme ili plagi itoe moto, zimeota kutu. Injini iliyokufa ni iliyovunjika kitu ndani, na hilo huwezi kulijua kwa kiki.

Wala usianze kwa kuipiga kiki. Toa plagi, mimina oili safi kijiko kimoja au viwili kwenye tundu la plagi, iache ilale mpaka kesho, ikibidi hata wiki. Ringi za pistoni zikikaa muda mrefu zinashikana na silinda kwa kutu, ukilazimisha kwa mguu unazivunja mwenyewe. Baada ya hapo ingiza gia ya juu kabisa, plagi ikiwa nje, shika tairi la nyuma lisukume polepole mbele na nyuma. Ukiona linakwenda na unasikia hewa inapuliza kwenye tundu la plagi, rudisha nyutro, ziba tundu kwa kidole gumba mwenzio apige kiki taratibu. Kidole kikisukumwa kwa nguvu kikatoka, kompresheni, yani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ipo, na hapo fundi wako kashakosea. Kisipopata nguvu usikate tamaa, weka oili tena kidogo urudie, nguvu ikiongezeka ujue ringi au silinda ndo zimechoka, isipoongezeka angalia valvu.

Kompresheni ikiwepo tafuta moto wa plagi, ile cheche inayowasha petroli. Nunua plagi mpya, ya hiyo ni NGK D8EA, gepu 0.6 mpaka 0.7 milimita, na uwe makini maana plagi feki zimejaa, nunua kwa mtu anayekubali urudishe. Ivalishe kwenye waya wake, ilaze igusane na chuma cha injini, mbali na petroli, piga kiki uangalie kwenye kivuli. Moto wa bluu unaopiga tah tah ndo tunaoutaka. Kama hakuna, au ni mwekundu umelegea, nenda kwenye platini upande wa magneto, zisugue kwa msasa laini sana, kisha pitisha karatasi safi katikati kuondoa unga wa msasa, halafu pima zifunguke milimita 0.3 mpaka 0.4 kwa fila geji, vile vijibati vya kupimia nafasi. Mara nyingi shida inaishia hapo.

Petroli yote ya zamani mwaga, utaisikia inanuka vanishi. Tenki likiwa na kutu ndani jaza siki ya kupikia, tia nati chache, tikisa, acha lilale siku mbili, mwaga, suuza na maji ya magadi ili ukali wa siki uishe, kausha juani kabisa halafu tia petroli au oili siku hiyo hiyo, ukiliacha tupu kutu inarudi upya. Nati zote zihesabu zinapoingia na zinapotoka. Na tenki likivuja usikubali mtu akulitie moto wa welda hata akwambie kaliosha, mvuke wa petroli unabaki ndani na linalipuka. Hilo nakuomba sana.

Kabureta ifungue juu ya sinia jeupe ili usipoteze kitu. Ina jeti mbili za shaba, kubwa na ndogo, na hiyo ndogo ya sailensa, inayolisha injini ikinguruma polepole, ndo inayoziba. Usichokonoe kwa waya wa chuma wala sindano, tundu likipanuka pikipiki itakula mafuta siku zote. Chukua unyuzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme mlaini, pitisha taratibu, halafu nenda kwa fundi pancha akupulizie na kompresa. Inua jeti kwenye mwanga, tundu linatakiwa kuwa duara safi.

Kuhusu skrubu nakuandikia hapa maana watoto wa mjini mnaharibu vitu kwenye skrubu. Zile za kava za injini sio nyota ya kawaida, Wajapani wana kipimo chao kinaitwa JIS, bisibisi ya kawaida inaingia lakini haikai mpaka chini, ukikaza mkono inapanda juu na kukata kichwa, na skrubu imeshikana na aluminiamu miaka. Tafuta bisibisi ya JIS, na ile ya kugonga na nyundo ambayo ukiigonga inazunguka yenyewe. Pulizia WD-40 au mafuta ya kulainisha jioni, fungua kesho yake. Kila skrubu unayotoa iweke kwenye trei ya mayai na uandike pembeni imetoka wapi, maana hazilingani urefu. Na piga picha kabla ya kufungua, sio baada.

Oili mwaga yote. Hiyo injini haina filta ya karatasi, ina chujio la waya na ina kikombe kinachozunguka na kranki, shafti kuu ya injini, upande wa klachi, uchafu unarushwa pembeni unaganda humo. Ukifungua kava ya kulia ukakifikia hicho kikombe utakuta tope jeusi zito kama kiwi ya viatu, lichokonoe na kijiti cha mti, osha na mafuta ya taa mpaka chuma kionekane. Nati ya katikati inahitaji soketi yake maalumu, usiigonge na tindo. Watu wanabadilisha oili kila mara na hapo hapafunguliwi kabisa, ndo injini zinakufa. Ukirudisha weka oili ya pikipiki yenye maandishi JASO MA, sio oili yoyote ya gari, zipo zinazofanya klachi iteleze.

Sasa tuseme umefanya yote na ikaonekana silinda imelika kweli. Bado huitoi injini. Silinda inatanuliwa, pistoni za saizi iliyozidi zipo, milimita 0.25, 0.50, mpaka 1.00. Nunua pistoni kwanza ndo upeleke silinda kwa mtu wa mashine achonge kufuata pistoni uliyompa, usikubali achonge halafu mtafute pistoni. Na hapa ndo Wachina wanatusaidia, spea zipo kila kona. Ila usinunue kwa jina tu kwamba nipe ya CG, nyingi siku hizi ni za injini ya cc 150, pistoni yake milimita 62, yako ni 56.5. Beba ya zamani mkononi, pima na venia, ile rula ya kubana, hapo hapo kaunta.

Breki zote ni za drami. Viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbestosi kwa hiyo lile vumbi usilipulize kwa mdomo wala kompresa, loanisha na maji, futa na kitambaa, kitupe. Viatu vipya nunua, havina bei. Matairi angalia ubavuni tarakimu nne za mwisho, mfano 2309 ni wiki ya 23 mwaka 2009. Ukikuta tarakimu tatu ujue ni la kabla ya mwaka 2000. La zamani hivo usilipande hata kama kashata zake ni nzima, mpira unakuwa mgumu na kwenye maji haushiki. Taa zake kama bado ni sita volti nunua balbu za sita, ukiweka za kumi na mbili zitawaka hafifu utadhani waya ndo mbovu.

Umeuliza pia rangi gani upake. Mi naona rangi iache mpaka inatembea na kusimama vizuri. Nimeuza spea kwa watu wengi waliovunja pikipiki yote siku moja, fremu ikapakwa rangi ikapendeza, injini kwenye ndoo, na pikipiki haikuunganishwa tena. Fanya sehemu moja, imalize, nenda nyingine. Na lile tenki kwa kweli nisingeligusa kwa nje, pale lilipochubuka kulia ndo goti la babu yako lilikuwa linakaa akizunguka vijijini kwenye mashamba ya watu. Lakini ni yako sasa, utaamua.

Siku ya kuiwasha iwe nje, sio stoo, moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu. Itatoa moshi mweupe mwingi mwanzoni kwa ile oili uliyomimina, usiogope, ukiendelea baada ya kupata moto niambie ni wa rangi gani.

Nimekutafutia seti ya gasketi na fila geji, pamoja na bisibisi ya kugonga ya kwangu. Nakutumia kwa basi Jumamosi asubuhi, namba ya risiti ntaituma kwenye simu, mchana upitie ofisi ya mabasi uchukue. Plagi usinunue mpaka nikuonyeshe picha ya boksi la orijino.

Mama yako